Nakala 3,000 za muziki wa kauboi: unanunua rekodi ipi?

Swali la msomaji wa Mombasa: Marehemu mjomba aliniachia santuri ya United Artists, Return of the Seven, na ndiyo iliyonitia hamu ya muziki wa filamu za kauboi. Nimeambiwa hiyo ndiyo The Magnificent Seven yenyewe. Ni kweli? Sasa kuna muuzaji wa ng'ambo ana CD ya Stagecoach ya Jerry Goldsmith, toleo la nakala 3,000 tu, na anataka dola 95 bila nauli. Ninunue? Na hizi CD zitadumu kweli kwa hewa ya huku pwani?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na santuri ya marehemu mjomba wako, maana ndani yake mna nusu ya majibu unayoyatafuta.

The Magnificent Seven ilitoka 1960. Muziki wa Elmer Bernstein uliteuliwa kuwania Oscar, kisha matangazo ya sigara za Marlboro yakaueneza hadi watu ambao hawajawahi kuiona filamu wakawa wanaupiga mluzi. Lakini mwaka ule hapakutolewa albamu yoyote ya muziki huo. Mwaka 1966, filamu ya pili ilipotoka, Bernstein aliurekodi upya na United Artists ikautoa kwa jina la Return of the Seven. Kwa hiyo aliyekuambia hakukudanganya, ila hakumaliza maneno. Muziki ni ule ule na aliyeusimamia ni mtunzi mwenyewe, lakini sauti iliyo ndani ya mifereji ya santuri yako siyo ile iliyosikika kwenye filamu ya 1960.

Rekodi ya filamu yenyewe ilikaa ghalani hadi 1998, Rykodisc walipoitoa kwa CD, na Varèse Sarabande wakairudia 2004. Kabla ya hapo James Sedares alikuwa ameshaurekodi na Phoenix Symphony mwaka 1994, na 1997 RCA wakatoa rekodi ya Bernstein mwenyewe akiiongoza Royal Scottish National Orchestra. Ukihesabu na santuri yako, hizo ni rekodi nne tofauti za muziki mmoja. Muuzaji akikuandikia "nina The Magnificent Seven" na akaishia hapo, bado hajakuambia anauza nini.

Kabla hujairudisha santuri rafuni, tazama namba iliyo kwenye jalada. Albamu za filamu za United Artists za miaka ile zilianza na UAL kama ni mono, na UAS kama ni sterio. Kisha elekeza taa kwa ubavu kwenye eneo tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo ya katikati. Utaona namba zilizochorwa ndani ya plastiki. Hizo ndizo zinazoonyesha santuri ilibonyezwa kutoka kwenye bamba lipi. Jalada linaweza kubadilishwa, ila namba hizo haziwezi. Ziandike kwenye daftari, maana tabia ya kuandika chanzo cha kila albamu ndiyo itakayokuokolea fedha.

Ndiyo maana mkusanyaji wa muziki huu huuliza maswali matatu kabla ya bei. Hii ni rekodi iliyotumika kwenye filamu, au ilirekodiwa upya kwa ajili ya albamu, au ni okestra nyingine miaka mingi baadaye? Imenakiliwa kutoka kwenye tepu mama au kutoka kwenye santuri? Na ni muziki wote au ni sehemu? Idadi ya nakala ni swali la nne, tena linakuja kwa mbali.

Hiyo namba 3,000 yenyewe watu wengi huichukulia kama alama ya thamani, kumbe ilitokana na mikataba. Muziki wa filamu uliorekodiwa Hollywood ulipigwa na wanachama wa AFM, chama cha wanamuziki wa Marekani. Kwa masharti ya chama, rekodi ya filamu ikigeuzwa kuwa albamu wapigaji hulipwa tena. Okestra ya watu 60 au 80 ikilipwa upya, gharama inalimeza soko lote la albamu ya filamu ya zamani. Kwa sababu hiyo albamu nyingi za miaka ya 1980 zina dakika 30 hivi tu, kwani kila dakika iliyoongezwa iliongeza bili. Baadaye yakapatikana makubaliano ya malipo nafuu kwa matoleo madogo, na kiwango kilichozoeleka kikawa nakala 3,000. Hapo ndipo lebo, yaani kampuni za rekodi, za wapenzi wa muziki huu zilipopata pumzi: Film Score Monthly, Intrada, klabu ya CD ya Varèse Sarabande, baadaye La-La Land na Kritzerland, na kule Hispania Quartet. Nyingine hutoa nakala 1,000, na nyingine hazitaji idadi kabisa, zinaendelea kuuza mradi wanunuzi wapo.

Lijue hilo kwa sababu mkataba unaweza kuandikwa upya. Lebo ikimaliza nakala zake, haki ya muziki inabaki kwa studio, na lebo nyingine ikienda kuiomba inaweza kupewa. Muziki wa John Barry wa Dances with Wolves ulitoka 1990 kwa Epic, ukaongezwa nyimbo 2004, kisha La-La Land wakautoa kwa CD mbili 2015. Aliyelipa bei ya juu kwa toleo la katikati kabla ya 2015 alishuhudia linapitwa. Wa Jerry Fielding wa The Wild Bunch ulianza kama santuri ya 1969, na 2013 Film Score Monthly wakautoa tena katika sanduku la CD tatu. Kwa hiyo toleo likiwa jipya dukani na unalitaka, linunue haraka. Bei ya lebo kwa kawaida ni dola 20 hadi 35. Likishaisha na walanguzi wakalishika, tulia.

Sasa Stagecoach yako. Ile filamu ni ya 1966, na CD unayoielezea ni ya Film Score Monthly ya 1998, ya kwanza kabisa katika mfululizo wao, ikiwa pamoja na muziki wa Goldsmith wa tamthilia ya televisheni The Loner. Inapendwa kwa sababu ya chanzo chake, siyo kwa sababu ya idadi. Santuri ya Mainstream iliyouzwa mwaka wa filamu ilirekodiwa kwa ajili ya albamu, lakini CD hii ina rekodi ya filamu. Kama unampenda Goldsmith, ni kitu kizuri kuwa nacho. Ila dola 95 usizikubali kwa kuwa tu yeye amezitaja. Fungua ukurasa wa CD hiyo kwenye Discogs, tovuti ya wakusanyaji wa rekodi, acha bei ambazo watu wanaomba, nenda kwenye historia ya mauzo. Huko utakuta bei ya chini, ya kati na ya juu iliyolipwa kweli. Mpe bei ya kati, au pungufu kidogo kama kasha limevunjika. Kitu kilichotolewa kwa nakala 3,000 zaidi ya miaka 25 iliyopita bado kinazunguka mikononi mwa watu, na wakusanyaji wa kizazi cha kwanza wanazidi kuyauza makabati yao.

Kabla ya kutuma senti, muombe picha nne: upande wa muziki wa CD chini ya mwanga, pete ya katikati kwa karibu, ukurasa mmoja wa maandishi wa kijitabu kwa karibu, na nyuma ya kasha. Nikueleze cha kutafuta kwenye kila moja.

CD iliyobonyezwa kiwandani ina rangi ya fedha safi, sawasawa kutoka ndani hadi nje. Iliyochomwa kwenye kompyuta huvuta kijani, buluu au dhahabu, na mara nyingi utaona duara ambapo rangi inabadilika, pale data ilipoishia. Kwenye pete ya katikati, ule ukanda unaong'aa kama kioo, pawe na namba ya kiwanda na mara nyingi neno IFPI. Mfumo huo wa alama ulianza 1994: alama inayoanza na L baada ya IFPI ni ya waliotengeneza masta, yaani nakala mama, na nyingine iliyo karibu zaidi na tundu ni ya mashine iliyobonyeza. CD ya kabla ya 1994 haitakuwa nazo, na si kila kiwanda kilizitumia mara moja, kwa hiyo kukosekana kwake peke yake si ushahidi wa wizi. Linganisha namba ya kiwanda herufi kwa herufi na iliyoandikwa kwenye ukurasa wa Discogs wa toleo hilo.

Kijitabu ndicho kinachowafichua wadanganyifu wengi, kwa sababu CD bandia siku hizi hubonyezwa kiwandani nayo. Chukua kioo cha kukuza mara kumi uangalie maandishi meusi madogo. Katika chapa halisi, herufi ni nyeusi tupu na kingo zake zimekatika vizuri. Katika kijitabu kilichoskaniwa na kuchapwa tena, herufi zenyewe zimegeuka vitone vya rangi, kwa sababu mashine iliyachukua maandishi kama picha. Ukishaona mara moja hutasahau. Na lebo hizi zinajivunia vijitabu vyao. Kwa kawaida vinaeleza kila kipande cha muziki, tarehe za kurekodi na tepu zilizotumika. Kijitabu cha kurasa nne chenye orodha ya nyimbo tu, katika toleo linalodai kuwa la wakusanyaji, ni dalili mbaya.

Kisome kijitabu hicho hasa pale panapozungumzia tepu. Studio zilihifadhi muziki kwenye filamu ya sumaku ya milimita 35, nyingi zikiwa na asetati, aina ya plastiki, ndani yake. Asetati ikizeeka kwa joto na unyevu inatoa asidi yenye harufu ya siki, utepe unasinyaa na kujikunja, na sauti inaanza kuyumba kama mtu anayeimba kwenye gari lililo kwenye barabara ya vumbi. Kwa hiyo ukikuta vipande vitatu vimeandikwa ni mono katika albamu ya sterio, au vimewekwa mwishoni kwa sababu ya ubora wa sauti, lebo haijafanya uvivu. Ndicho kilichobaki duniani. Lebo inayokiri hivyo ndiyo ya kuamini.

Kuna CD nyingine za bei poa utakazokutana nazo, hasa kutoka Ulaya, zenye majina kama High Noon ya Dimitri Tiomkin au The Big Country ya Jerome Moross. Nyingi ni halali. Ulaya ililinda rekodi kwa miaka 50 tu hadi ilipoongeza iwe 70 mwaka 2013, na rekodi zilizokwisha kutolewa hadi 1962 zilikuwa zimeshatoka kwenye ulinzi. Yeyote anaweza kuzitoa bila kibali, lakini pia bila kupewa tepu mama, hivyo wengi hunakili kutoka kwenye santuri. Vaa spika za masikioni usikilize sekunde za mwanzo kabla okestra haijaingia. Mlio mwembamba kama wa mafuta kwenye kikaango unamaanisha santuri. Kuna wanaousafisha kupita kiasi, na hapo matoazi na nyuzi za violini zinasikika kana kwamba zimefunikwa blanketi. Kwa Moross, bora utafute rekodi mpya ya Tony Bremner na Philharmonia ya 1988, lebo ya Silva Screen. Kwa The Alamo ya Tiomkin kuna rekodi mpya ya CD tatu ya 2010, okestra ya Prague chini ya Nic Raine. Rekodi mpya iliyofanywa kwa uaminifu haina aibu yoyote, na mara nyingi ndiyo njia pekee ya kuusikia muziki mzima. Aibu ni kuinunua ukidhani ni ya filamu.

Na kwa Ennio Morricone, mtunzi wa Italia, mambo yanakwenda kivingine kabisa. Muziki wake wa kauboi ulirekodiwa Roma, nje ya masharti ya AFM, kwa hiyo Waitalia waliweza kutoa albamu nyingi na kamili zaidi mapema. Kuna lebo kama GDM, Beat na Digitmovies, na matoleo ya nakala 500 ni jambo la kawaida kwao. Mtego mkubwa hapa ni santuri za nyimbo zilizopigwa upya na watu wengine. Hugo Montenegro alitoa kwa RCA mwaka 1968 santuri yenye majina ya filamu zote tatu za dola, zile za Sergio Leone zenye muziki wa Morricone, na toleo lake la The Good, the Bad and the Ugly likafika namba mbili Marekani. Ni muziki wa kufurahisha, lakini Morricone hayumo mle zaidi ya jina la mtunzi. Geoff Love naye alifanya vivyo hivyo Uingereza na Big Western Movie Themes. Soma jalada kwa makini: "Original Motion Picture Soundtrack" na "Music From" si kitu kimoja. Kisha tafuta majina ya wapigaji. Pakitajwa Alessandro Alessandroni kwa mluzi na kwaya yake ya Cantori Moderni, au sauti ya Edda Dell'Orso, uko kwa Morricone.

Tuje kwenye hewa ya pwani, swali ambalo wakusanyaji wa nchi za baridi hawakusaidii sana. Mombasa unyevu hupita asilimia 70 siku nyingi za mwaka. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, unataka CD zikae kati ya nyuzi 4 na 20, na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Nyuzi 20 bila kiyoyozi usiku na mchana huzipati, usijiumize roho. Unyevu ndio unaoweza kuushika, na ndio ulio hatari zaidi. Mwaka 2001 watafiti wa Hispania walieleza juu ya CD iliyotoka Belize, nchi ya joto na unyevu kama huku, ambayo kuvu aina ya Geotrichum alikuwa ameingia kutoka pembeni na kuila plastiki pamoja na tabaka la alumini. Hilo ni nadra. La kila siku ni vijitabu kunatana kurasa na madoa ya kahawia kwenye karatasi, na kwa mkusanyaji kijitabu ni nusu ya mali.

Nunua boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira unaobana, la lita 20 hadi 30. Weka ndani gramu 150 hadi 200 za silika jeli katika vifuko vya kitambaa, chagua ile ya rangi ya machungwa inayogeuka kijani ikishiba maji. Ya buluu ina kobalti, iache. Weka na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50, usikaushe zaidi ya hapo maana karatasi huwa ngumu na kukatika mikunjoni. Jeli ikigeuka kijani, ioke kwenye oveni nyuzi 120 saa moja hadi mbili, iache ipoe ndani ya chombo kilichofungwa, irudishe. Mara ya kwanza itashiba haraka sana, ndani ya wiki moja au mbili, kwa sababu makasha na karatasi vyenyewe vimejaa maji. Watu wengi hukata tamaa hapo wakidhani jeli ni mbovu. Ikaushe tena mara mbili tatu, na kasi itapungua.

Ukinunua CD mbili za zamani katika kasha moja nene la miaka ya 1980, fungua siku hiyo hiyo utazame kama kuna kipande cha sponji ndani. Kitoe ukitupe. Sponji ile ikizeeka inayeyuka na kuganda juu ya CD upande wa chapa, ambao ndio dhaifu, kwa sababu data ipo chini tu ya rangi na vanishi. Vilevile, CD zilizobonyezwa kiwanda cha PDO, Blackburn, Uingereza, kati ya 1988 na 1993, zikague zikianza kuwa kahawia kama shaba kuanzia pembeni. Vanishi yao haikuhimili salfa iliyo kwenye karatasi. Ugonjwa huo hauna dawa na hauishii palepale. CD ikianza kubadilika rangi, uinakili kwenye kompyuta mara moja.

Kwa kweli kila CD uinakili siku inapofika. Programu ya bure ya Exact Audio Copy inasoma kila sehemu zaidi ya mara moja, kisha AccurateRip inalinganisha matokeo na ya watu wengine wenye toleo hilo. Yakilingana, una uhakika CD yako ni nzima, na unalijua hilo wakati muda wa kurudishiwa fedha haujaisha. Hifadhi kwa FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti, mahali pawili tofauti.

Santuri ya mjomba isimamishe wima, usiilaze wala usiibane. Jalada lisivishwe mfuko wa PVC, ule laini unaonuka plastiki, kwa sababu unaacha ukungu mweupe juu ya santuri. Tumia wa polithini au polipropilini. Kusafisha: maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, yale ya betri yasiyo na asidi, na tone moja la sabuni ya vyombo kwa nusu lita. Pitisha kitambaa laini kufuata mzunguko wa mifereji bila kulowesha lebo, kisha suuza kwa maji hayo hayo bila sabuni. CD ni kinyume chake: unafuta kutoka katikati kwenda nje, moja kwa moja, kamwe usizungushe.

Lililobaki ni nauli. CD moja na kasha lake ni kama gramu 100, na kasha hilo ndilo linalovunjika njiani. Meno ya katikati yakikatika, CD inacheza ndani na kukwaruzika hadi Mombasa. Mwambie muuzaji aitoe CD, aitie kwenye mfuko laini na kuifunga pamoja na kijitabu na karatasi ya nyuma kati ya vipande viwili vya kadibodi. Kasha tupu la plastiki utalipata hapa kwa bei ndogo. Ukiagiza kwa lebo, kusanya tatu au nne kwa mpigo, maana nauli ya CD nne haifiki mara nne ya nauli ya moja. Na usipige hesabu kwa bei ya kitu peke yake. VAT ya Kenya, asilimia 16, hukokotolewa juu ya bei pamoja na bima, nauli na ushuru wa forodha, hivyo CD ya dola 95 yenye nauli ya dola 20 inaanza kutozwa kodi kutoka dola 115. Ukiwa na ndugu Ulaya au Marekani anayekuja likizo, muuzaji atume kwake, na umuombe ndugu huyo aibebe kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye begi linaloshushwa na kupakiwa.